Fensi ya stima Kalobeyei: "kwangu inafanya kazi"

Najua nimekuwa kimya, na najua niliahidi makala ya pili kuhusu kanzidata. Itakuja. Leo nataka kuandika juu ya fisi.

Kwetu ni Kalobeyei. Nasema Kalobeyei ya kituoni, ile iliyo kwenye barabara ya Kakuma kwenda Lokichoggio, wala si yale makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Kakuma yakapewa jina letu. (Nikisema natoka Kalobeyei, watu wa Nairobi huniuliza natoka nchi gani. Tuyaache hayo.) Nyanya yangu anaishi pale na mbuzi wake, na mjomba yuko boma la pili. Mwanzoni mwa mwaka huu fisi waliingia zizini usiku wakaua mbuzi saba. Wawili ndio walioliwa. Watano waliumwa tu na kuachwa pale. Kwa mtu wa mjini mbuzi saba ni hesabu ya nyama choma. Kwa nyanya ni karo ya binamu yangu aliye kidato cha pili, ni maziwa, ni akiba yote ya benki isiyo na benki.

Mjomba akanipigia simu. "Wewe si ulisomea kompyuta? Tuletee fensi ya stima kama ya ranchi za Laikipia." Kwa mjomba, kompyuta, redio, sola na simu ni somo moja. Ningeweza kumwambia kwamba mimi naandika programu za stoo za maduka na sijui lolote kuhusu waya. Sikumwambia. Kijana mwenye digrii akiombwa na watu wa kwao hasemi "sijui", na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Niseme maoni yangu mapema ili asiye na muda aende zake. Fensi ya stima ni kitu kizuri na inafaa hata boma dogo la Turkana. Lakini ile inayoelezwa kila mahali kwenye wavuti imefikiriwa kwa nchi yenye udongo wenye maji. Ukiileta kwetu vile vile ilivyo, umenunua kamba ya kuanikia nguo.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani ni waya tu uliochomekwa ukutani. Kuna mashine ndogo inayokula betri ya volti 12. Mashine hiyo hujaza umeme kwenye kapasita, kisha huumwaga wote kwenye waya kwa pigo moja fupi sana, chini ya sehemu ya elfu ya sekunde. Halafu inapumzika karibu sekunde nzima kabla ya pigo lingine. Volti ni nyingi, elfu tano hadi elfu tisa, lakini muda ni mdogo mno, kwa hiyo mnyama anaumia, anashtuka, na anapata nafasi ya kurudi nyuma. Umeme unatoka kwenye mashine, unapita kwenye waya, kwenye mnyama, kwenye miguu yake, kwenye udongo, mpaka kwenye chuma cha ethi kilichochimbiwa ardhini, kisha unarudi kwenye mashine. Ni mzunguko. Kipande kimoja kikikatika hakuna pigo.

Matumizi ya umeme ni madogo ajabu. Mashine ya jouli 1 inayopiga mara moja kwa sekunde inatoa wati 1. Tuseme inapoteza nusu ya inachokula, basi inakula wati 2. Usiku wa saa 12 ni wati-saa 24. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Na jua kwetu si bidhaa adimu.

Nilinunua mashine Nairobi kwa shilingi 18,000, nikaijaribu nyuma ya ploti ninayokaa Juja, msimu wa mvua. Mita ikasoma volti 6,500. Paka wa jirani aligusa waya na mpaka leo haji upande wetu. Nikafunga mzigo, nikapanda basi mpaka Lodwar, halafu Kakuma, halafu nyumbani.

Nyote mnaoandika programu mnajua ile sentensi: "kwangu inafanya kazi."

Kalobeyei tulisimamisha nguzo kuzunguka zizi la miiba, tukavuta waya mitatu, tukapigilia chuma cha ethi mita moja na zaidi ardhini. Mashine ikaanza kulia tik, tik, tik. Taa ya kijani ikawaka na kuzima kwa adabu. Mjomba akashika waya. Akacheka. Nikamwambia avue akala, maana raba ya tairi inazuia umeme. Akavua, akashika tena, akasema anasikia kama sisimizi. Mbuzi mmoja akaja akajikuna kwenye waya wa chini.

Ilinichukua jioni nzima kuelewa. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na mchanga wa kwetu ukikauka unazuia umeme karibu kama raba. Kuna kipimo rahisi ambacho ningepaswa kukisoma kabla ya kusafiri: unaegemeza vyuma kwenye waya mbali na mashine ili uuunganishe na ardhi makusudi, kisha unapima chuma cha ethi chenyewe. Kikiwa kizuri kinasoma karibu na sifuri, mia mbili au tatu hivi. Changu kilisoma zaidi ya 2,000. Maana yake umeme ulikuwa unatoka na haupati njia ya kurudi nyumbani. Na ile taa ya kijani? Ilikuwa inaniambia kwamba mashine imetuma pigo, si kwamba pigo limefika. Ni kama programu inayoandika "imehifadhiwa" bila kuhifadhi kitu.

Maelekezo ya mashine yalisema: udongo ukiwa mkavu, mwagia chuma cha ethi maji kila mara. Asubuhi nikachukua dumu la lita 20 nikaanza kumwaga. Nyanya akatoka nje. Maji yale binamu yangu alikuwa ameyateka alfajiri na kuyabeba kichwani. Nyanya hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, hicho chuma kinakunywa kiasi gani kwa siku?" Nikarudisha dumu ndani.

Dawa ipo, wala si siri, wafugaji wa nchi kavu wanaijua: usiutegemee udongo kabisa. Vuta waya wa kwenda na waya wa kurudi, mmoja baada ya mwingine. Mmoja una moto, unaofuata umeunganishwa kwenye upande wa ethi wa mashine, unaofuata una moto. Fisi akisukuma kichwa anagusa wote wawili, mzunguko unafungika kwenye mwili wake, na mchanga ukauke utakavyo. Tuliongeza waya wa nne, tukapanga upya. Wa chini kabisa nikaufanya wa kurudi, usio na moto, kwa sababu ya kobe. Kobe akipigwa na umeme hakimbii, anajikunja palepale na kuendelea kupigwa mpaka afe, na huko Afrika Kusini waya wa chini wenye moto umeua kobe na kakakuona wengi. Chini ya waya huo tukajaza mawe na matawi ya mathenge ili fisi asichimbe. (Mathenge ni ule mti uliopelekwa Baringo hadi mahakamani, mwaka 2006, pamoja na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kuula. Kwa kuziba tundu la fisi, namsamehe.)

Mjomba akashika waya miwili kwa pamoja. Hakucheka.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kabla ya hapo, nilipokuwa nimekwama, fundi mmoja sokoni alinishauri niache mchezo na kuunganisha waya moja kwa moja kwenye stima ya volti 240. Alisema amewafungia watu wawili. Wasomaji, hilo ni kuua mtu, tena si kwa bahati mbaya. Volti 240 ni kidogo kuliko 6,500, ndiyo, lakini haipumziki. Misuli inakaza, mkono unafunga kwenye waya badala ya kuuachia, na moyo unavurugika. Mashine halali zina kiwango cha kimataifa, IEC 60335-2-76: nguvu ya pigo isizidi jouli 5 kwenye ukinzani wa omu 500, na nafasi kati ya pigo na pigo isipungue sekunde moja. Ile sekunde moja ndiyo inayomrudishia mtoto mkono wake.

Na nikiri langu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kutengeneza mashine yangu kwa koili ya gari na Arduino. Kodi ilikuwa mistari 60 hivi, nzuri tu. Kisha nikajiuliza: je, programu ikikwama katikati ya kitanzi ikiwa imefungua umeme? Hitilafu ya programu zangu za kazini humfanya mteja apige simu akifoka. Hitilafu hii ingempata binamu yangu wa miaka minne akifuata mpira. Nimeifuta. Nawasihi msitengeneze kitu hiki nyumbani, hata kama mnajua kusoma mchoro.

Kuna wanaosema taa zinatosha. Wanamtaja Richard Turere, yule mvulana wa Kitengela aliyefunga taa za kumetameta kuzuia simba akiwa na umri wa miaka 11 na kualikwa TED mwaka 2013. Namheshimu sana, na nisingekuwa na elfu 18 ningeanza na taa. Lakini taa inamtisha mnyama tu, na kitisho kisichouma huzoeleka. Na wengine wanaona fensi ni anasa ya hifadhi, kama ule uzio wa Aberdare wa kilomita 400 hivi uliojengwa kuanzia 1989 hadi 2009. Basi nao waangalie kinachotumika pasipo fensi. Tusidanganyane, ni sumu. Mzoga unapakwa dawa ya wadudu, anakufa fisi, na wanakufa tai waliokuja kusafisha. Mjomba alikuwa ameshaulizia bei kabla ya kunipigia.

Lililonisumbua kuliko umeme ni jirani. Mzee mmoja alikuja siku ya tatu, akazunguka nguzo zetu kimya, kisha akasema mbuzi wake hupita hapo kwenda lagani tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na haki. Ardhi yetu ni ya jamii, hakuna mwenye hati ya njia. Nilikuwa nimechora mraba mkubwa kwa sababu mraba ni rahisi kuhesabu waya. Tukang'oa nguzo za upande wa mashariki, tukalibana zizi peke yake. Waya ukapungua, volti ikapanda, njia ikafunguka. Yule mzee alikuwa amenirekebishia mchoro bila kusoma hata mstari wa maelekezo.

Mpaka leo fensi inawashwa magharibi na kuzimwa alfajiri, kazi ya binamu wa kidato cha pili akiwa likizo na ya mjomba siku nyingine. Betri ilikuwa nje chini ya bati, nikaihamishia ndani ya manyatta, kwa sababu betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25, na mchana wa kwetu unapita 35. Fisi wanasikika bado. Nyayo zao tumeziona mara mbili upande wa mathenge, zikageuka. Mbuzi hajapotea tena, ila hilo la nyoka fensi haliwezi, na piri wa mchangani ni wengi kuliko fisi. Nyanya amenituma tochi.

Kama kuna msomaji mwenye fensi ya waya wa kurudi Marsabit au Samburu, aniandikie insuleta zake zinadumu miaka mingapi juani. Zangu za plastiki zimeanza kupasuka.