Nyumba za kuunganisha ziko Kenya, mbona keja yako bado ni ya mawe?

Msee, shida si teknolojia. National Housing Corporation iko na kiwanda Mavoko cha paneli za EPS: povu katikati, waya pande zote, unapiga simiti, ukuta umeshika. Hizo ni nyepesi. Lakini slab nzima kutoka kiwandani inataka kreni, na Pipeline kreni itasimama wapi?

Halafu doo. Landi hujenga mos mos: rent ya floor ya chini inasimamisha ya juu. Kiwanda kinataka order nzima ilipwe.

Na maboyz wa mjengo je? Ukuta ukikuja tayari, ya siku inapotea.

Unakatwa 1.5% ya mshahara juu ya nyumba. Basi uliza: nani atawafunza hao mafundi kuunganisha paneli?