"Haijaingia, Tuma Tena": Mbona Mteja Alipe Mara Mbili?

Umelipa dukani kwa simu. Ujumbe wa kuthibitisha umefika, salio limepungua. Keshia anaangalia kompyuta: "Haijaingia, tuma tena." Foleni nyuma yako inanung'unika, basi unatuma. Jioni unagundua umelipa mara mbili, na kurudishiwa ni safari nyingine.

Sisi tunasema wazi: mzigo huu si wa mteja.

Kuna wakati pesa imefika sawa, ila taarifa yake imekosa njia ya kuingia kwenye mfumo wa duka. Maduka mengine yana seva yao ya Linux, inayopewa anwani ya mtandao na ruta kupitia DHCP. Anwani hiyo ni ya kuazimwa. Stima ikipotea na kurudi, ruta inaweza kuipa seva anwani nyingine. Jana ilikuwa 192.168.1.20, leo ni 192.168.1.35. Lakini ruta bado inapeleka taarifa za malipo kwa ile ya jana. Keshia haoni kitu, lawama inakuangukia wewe.

Mwenye duka, kabla ya kuzima na kuwasha kila kitu, mwambie fundi aandike "ip addr" kwenye seva. Hakuna anwani, au inaanza na 169.254? Basi seva haikujibiwa na DHCP. Angalieni kebo na ruta. Namba za mwanzo ni tofauti kabisa na za siku zote? Huenda kuna mtu amechomeka ruta ya pili. Imebadilika mwishoni tu? Ingieni kwenye ruta, muitengee seva anwani moja ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC. Ni kazi ya dakika chache.

Anwani za kuazimwa zinafaa simu za wateja wanaokuja na kwenda. Seva inayopokea malipo ni kama duka lenyewe: huwezi kulihamisha usiku halafu asubuhi ulaumu wateja kwa kupotea.

Nawe mteja, ukiambiwa utume tena, usikimbilie. Hakikisha jina la aliyepokea ni la duka hilo, kisha msomee keshia namba ya muamala na uombe aitafute kwenye taarifa ya akaunti yao. Foleni itangoja kidogo. Pesa ni yako.