Kufuli la Pikipiki ya Bro



Najua nimekuwa kimya. Wiki iliyopita tulikuwa na testi mbili mfululizo, moja ya mitaala na nyingine ya optiki, na boom lenyewe mnajua liko wapi... tuyaache hayo. Leo Jumamosi umeme umekatika hapa hosteli toka asubuhi, laptop ina asilimia 61, acha niitumie kuandika jambo ambalo limetugawa chumbani kwetu tangu Jumanne.

Rumeti wangu ana kaka yake Ujerumani, anasomea uuguzi. Mwaka jana bro kapata leseni ya pikipiki na kajinunulia KTM 790 Duke, used lakini safi, picha tumeziona mpaka tumezichoka. Jumanne usiku akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kwa kifupi ni kwamba pikipiki yake imefungwa. Injini ina uwezo wa kilowati 70, ila ya kwake inatoa 35 tu na ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi. Sasa kuna jamaa kakutana naye, ana laptop na waya wake, kamwambia atamfungulia ndani ya dakika ishirini na hakuna mtu atakayejua. Bro anaomba ushauri. Tena mimi kanitaja kabisa, eti "muulizeni na huyo mwalimu wa fizikia anasemaje."

Chumbani tuko wanne. Watatu wakasema afungue, tena leo leo. Mali ni yake, kainunua kwa jasho lake la zamu za usiku, kwa nini atembelee nusu pikipiki? Mimi peke yangu nikasema asifungue, na tangu hapo naitwa Bwana Nidhamu. Haya, kwa kuwa kule chumbani sipewi nafasi ya kumaliza sentensi, naimalizia hapa.

Kwanza tuelewane imefungwaje, maana kuna mmoja alidhani kuna bolti mahali imekazwa. Na kweli zamani ilikuwa karibu na hivyo, waliweka kizuizi cha chuma kwenye njia ya hewa, au stopa ili mkono wa mafuta usizunguke hadi mwisho. Kwenye pikipiki kama ya bro, mkono wa mafuta haujaunganishwa na injini kwa kebo. Ukiuzungusha unapeleka ombi tu. Sensa inasoma umezungusha kiasi gani, inapeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini (hii mafundi magari wa mjini wanaiita kontroli boksi), na kompyuta ndiyo inaamua kilango cha hewa kifunguke kiasi gani, petroli inyunyizwe kiasi gani na plagi ichome wakati gani. Inaamua kwa kuangalia majedwali. Huku mizunguko ya injini, huku mkono wa mafuta, zinapokutana kuna namba. Ni kama kile kitabu cha majedwali tulichokuwa tunanyang'anyana O-level, tofauti ni kwamba hiki kinasomwa mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Kufunga pikipiki ya namna hiyo ni kuandika namba ndogo humo. Wewe umezungusha mpaka mwisho, jedwali linasema kilango kisifunguke chote. Kurimapu ni kuingia humo na kuandika namba nyingine, basi. Hakuna spana inayoshikwa.

Kwa hiyo tafadhali, asije mtu akaenda kijiweni kumwambia fundi amrimapie Boxer. Bodaboda zetu nyingi ni kabureta na CDI, hakuna jedwali la kuandika upya, utachekwa mpaka urudi chuo. Ila hizi pikipiki za umeme zilizoanza kuingia, kikomo cha kasi kimeandikwa ndani ya kontrola kwa programu, kwa hiyo mjadala huu unakuja nyumbani. Msiseme sikuwaambia.

Sasa msimamo wangu. Wenzangu wananiona kama mtu anayependa kufuli. Hapana. Kuna kufuli nyingi za pikipiki hapa duniani ambazo hata mimi ningezivunja. Chukua Ufaransa. Tangu miaka ya 1980 walikuwa na sheria kwamba pikipiki isizidi nguvu za farasi 100, na hiyo ilimhusu kila mtu, hata mzee aliyepanda miaka thelathini bila ajali. Mwitaliano wa ng'ambo ya mpaka ananunua pikipiki ileile ikiwa wazi, Mfaransa anauziwa iliyofungwa. Mpaka mwaka 2016 ndipo wakaachia, na hapo ni kwa pikipiki zenye breki za ABS. Au Japani, ambako viwanda vyenyewe vilikubaliana kwamba pikipiki kubwa zinazouzwa ndani ya nchi zisizidi farasi 100, huku wakiwauzia watu wa nje zenye nguvu zaidi! Makubaliano hayo yalikufa 2007. Hebu fikiria, wewe ndiye unayeitengeneza halafu wewe ndiye huruhusiwi kuipanda.

Kufuli kama hizo nazipinga. Zinamfunga aliyejifunza na asiyejifunza kwa pamoja, na hazina siku ya kufunguliwa. Mtu anayezifungua kwa laptop kiukweli sina ugomvi naye sana.

Ila la bro si kufuli la namna hiyo, na hapa ndipo wenzangu chumbani wanapochanganya. Leseni yake inaitwa A2. Ulaya walianza kuitumia Januari 2013. Inamruhusu pikipiki isiyozidi kilowati 35, isiyozidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake, na kama imepunguzwa nguvu basi nguvu yake ya asili isizidi mara mbili ya hiyo 35. Piga hesabu: ni 70. Si bahati mbaya kwamba pikipiki ya bro ina 70 kamili. Akikaa na A2 miaka miwili anafanya mtihani wa vitendo tu, anapewa leseni A, anapeleka pikipiki gereji, wanachomeka waya, wanarudisha namba za 70, kadi inabadilishwa. Ni kazi ileile anayotaka kumfanyia yule jamaa. Ufunguo upo, una tarehe, na bro kabakiza miezi kumi na minne.

Na hiyo "nusu pikipiki" tunayomwonea huruma, jamani, ni kilowati 35. Boxer ya sisi 150 inayotupeleka Ubungo tukiwa watu wawili na begi ina kama kilowati 9. Bro anatembelea karibu bodaboda nne zilizofungwa pamoja, halafu sisi tunampa pole.

Wenzangu wa Elimu mnapaswa kuniunga mkono hapa. Tulijibu swali hili kwenye UE, au mmesahau? Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichukua neno la mafundi ujenzi, jukwaa, wakalitumia kueleza msaada anaopewa mwanafunzi. Unamsimamishia jukwaa, anafika ambapo peke yake asingefika, kisha unaliondoa kadiri anavyoweza kusimama mwenyewe. Jukwaa likiondolewa mapema fundi anaanguka. Lisipoondolewa kabisa, nyumba haihamiwi. Ufaransa waliacha jukwaa kwenye nyumba miaka thelathini. A2 wanaondoa kwa tarehe. Mimi sioni ugumu wa kutofautisha hayo mawili.

Rumeti akanibana na hoja ya umri, na nakiri ilinikamata. Kule ukiwa na miaka 24 unaruhusiwa kufanya leseni A moja kwa moja, hata kama hujawahi kupanda kitu chochote cha magurudumu mawili. Bro ana 23, ana karibu mwaka mzima barabarani, mvua na baridi vyote kavipitia, na yeye ndiye anayefungwa. Hiyo si haki sawasawa. Sina jibu zuri. Ningekuwa natunga mimi ningeangalia uzoefu, miaka ya kuzaliwa ningeiacha. Lakini kanuni kuwa na tundu upande mmoja hakumpi bro ujuzi ambao bado hajaupata.

Niwape na langu, wengi hamlijui. Baada ya kumaliza kidato cha sita nilikaa kwa mjomba, nikawa namsaidia bodaboda yake jioni. Fundi mmoja akatushauri tubadili sproketi ya mbele tuweke yenye meno mengi zaidi, eti itakimbia. Na ilikimbia. Kupanda mlima ikawa nzito, lakini tambarare na mteremko, noma. Nilikuwa nimezoea kilometa 60 kwa saa. Siku ya tatu nashuka mteremko wa kuingia mjini, naangalia dashibodi, 90. Mbele mkokoteni wa maji ukaingia barabarani.

Sasa hesabu ya kidato cha tatu ambayo nitawafundisha watoto wa watu siku moja. Umbali wa kusimama kwa breki unakua kwa mraba wa kasi. Kutoka 60 kwenda 90 kasi imeongezeka mara moja na nusu, umbali unaongezeka mara mbili na robo. Pale ambapo mkono wangu ulizoea mita 20, zilihitajika 45. Mita 45 sikuwa nazo. Niliingia mtaroni, mtulinga ukavunjika, na mwenye mkokoteni alipona kwa sababu alikimbia akauacha. Pikipiki ilikaa gereji mwezi mzima. Ndiyo iliyokuwa inalipa ada ya binamu yangu, na muhula ule alirudishwa nyumbani mara mbili. Mjomba hakunigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningepumua.

Rumeti kasema huo mfano hauhusiani, ile ilikuwa Boxer yenye breki za dramu, ya bro ina diski, ABS, tairi za maana, na vyote vilitengenezwa kwa kilowati 70. Ni kweli kabisa. Pikipiki ya bro ikifunguliwa haitashindwa kitu. Lakini siku ile mtaroni mimi nilivyojichunguza, kabla ya breki mkono ndio ulioshindwa. Mkono wangu ulikuwa umefundishwa na 60. Mkono wa bro umefundishwa na pikipiki ambayo akivuta mafuta kupita kiasi kwenye kona yenye maji, inamjibu kwa upole. Baada ya dakika ishirini za laptop mkono utakuwa uleule, kona ileile, na jibu mara mbili. Hakuna anayeweza kumwandikia bro namba mpya mkononi.

Na hapo nimechukulia kwamba yule jamaa ana faili halisi la kiwanda. Kama kalitoa anakojua yeye, hilo lingine. Petroli ikipungua kuliko hewa inayoingia, injini inachoma kwa joto kali, inaanza kugonga, na pistoni hazina spea ya bei ya mwanafunzi.

Suala la sheria nalipita haraka ila ndilo zito kuliko yote. Ujerumani ukiendesha chombo kinachozidi daraja la leseni yako, unahesabiwa umeendesha bila leseni. Hiyo si faini ya trafiki ya kumalizana barabarani, ni jinai, faini ya mahakama au kifungo hadi mwaka mmoja. Ukimgonga mtu, bima inamlipa aliyeumia, halafu inaweza kukurudia wewe kudai hadi euro 5,000. "Hakuna atakayejua" ni maneno ya mtu ambaye hayupo kwenye hiyo pikipiki. Kukiwa na ajali mbaya, kompyuta inaweza kufunguliwa na mtaalamu akasoma kilichoandikwa. Na bro yuko kule kwa kibali cha kuishi. Nani anataka kwenda kuhuisha kibali akiwa na kesi ya jinai mgongoni?

Kuna jambo ambalo chumbani hakuna aliyelisema, na mimi nililimeza siku ile kwa heshima. Boom linapochelewa, hela ya kula ya rumeti inatoka kwa bro. Dawa za presha za mama yao zinatoka kwa bro. Mimi mwenyewe nimekula ugali wa bro mara nyingi tu, na wale wawili wengine pia. Halafu tunakaa juu ya vitanda vyetu vya dabodeka, hakuna kati yetu mwenye hata baiskeli, tunampigia kelele afungue!

Jana nikamtumia ujumbe wangu wa sauti. Nilimwambia karibu yote haya, nikaacha hilo la ugali. Nikamwambia pia kwamba kama ana kiu ya spidi, atafute siku moja aende kwenye kozi za uwanjani wanakofundisha kona na breki, hata kwa hiyo hiyo 35. Tiki mbili za bluu toka saa nne usiku. Hajajibu. Rumeti anasema kakasirika, mimi nasema yuko zamu.

Laptop imefika asilimia 19. Mwenye hoja ya kunipinga chumba anakijua, aje jioni, ila aje na pawabenki yake.