Maumivu Yakiisha, Kazi Bado



Mzee mmoja wa kijiji ninachohudumia aliambiwa ana uvimbe wa saratani kwenye ini. Uvimbe ulikuwa mdogo, haukufika sentimita 3. Ndugu zake waliuza ng'ombe, wakampeleka hospitali kubwa. Madaktari hawakumpasua. Walipitisha sindano ndefu kwenye ngozi mpaka ndani ya uvimbe, wakauunguza kwa joto. Baada ya siku chache alirudi nyumbani.

Kadi yake iliandikwa arudi baada ya mwezi mmoja apigwe picha. Hakurudi. Aliniambia, "Mwanangu, nalima, nakula, nalala vizuri. Nirudi kutafuta nini?" Nilimwona ana nguvu, nikanyamaza. Hapo nilikosa. Aliporudi hospitali, miezi minane ilikuwa imepita. Saratani iliyobaki pembeni ilikuwa imekua, wala haikuwezekana tena kuiunguza.

Mimi nina cheti tu, nafanya kazi zahanati. Lakini jambo hili nimelielewa vizuri: kuunguzwa si kupona. Kupona lazima kupimwe.

Kwa nini mgonjwa hawezi kujua mwenyewe? Kwa sababu nyama ya ndani ya ini haisikii maumivu. Saratani ndogo inaweza kukaa humo kimya huku mtu analima.

Mkulima anajua habari ya shamba lililochomwa moto. Juu utaona majivu matupu. Mvua ikinyesha, ndago walio hai huchipua. Anayepita shambani mapema huwang'oa wakiwa wachache.

Hospitali nao hutafuta kilicho hai. Mgonjwa hupigwa picha kwa mashine ya siti skani, au nyingine inayotumia sumaku. Kwanza huchomwa dawa kwenye mshipa wa mkono. Dawa hiyo hufuata damu. Saratani iliyo hai hupata damu, kwa hiyo kwa kawaida hung'aa kwenye picha. Sehemu iliyokufa haipati damu, hubaki nyeusi.

Daktari huweka picha mpya karibu na ya zamani. Hutazama kama mahali palipoungua pamefunika uvimbe wote, na kuzidi kila upande kwa milimita 5 au zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa alama ya sasa ni kubwa kuliko uvimbe wa kwanza, usiogope. Ndivyo inavyotakiwa.

Siku za mwanzo, utepe mwembamba unaong'aa kuzunguka pote huweza kuwa wekundu wa kidonda tu, nao hupungua. Lakini kinundu kinachong'aa upande mmoja hutiliwa shaka. Ndiyo maana picha ya mwezi mmoja ni muhimu. Kipimo cha damu husaidia, lakini hakitoshi peke yake, kwa maana saratani nyingine hazionekani kwenye damu.

Kipande kilichobaki kikionekana mapema, mara nyingi huweza kuunguzwa tena. Hiyo ndiyo faida ya kuwahi. Hata picha ikiwa safi, mgonjwa huendelea kupimwa, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu hivi katika miaka 2 ya kwanza. Ini lililokwisha kuharibiwa na homa ya ini aina ya B, au na pombe, huweza kuota uvimbe mwingine mahali pengine.

Wapo wanaosema kumsafirisha mtu mwenye nguvu ni kupoteza fedha. Nawaelewa. Nauli ni nzito, na ng'ombe ameshauzwa. Lakini kuunguza bila kuhakikisha ni sawa na kupanda bila kupalilia. Fedha ya kwanza inaweza kupotea yote.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Familia na majirani wanapochangia nauli ya kwenda kutibiwa, wachangie siku hiyo hiyo nauli ya kurudi kupimwa, na iwekwe kwa mtu mwaminifu. Isiguswe kwa sherehe wala kwa deni.

Sisi wa zahanati tusimuulize mgonjwa tu, "Unajisikiaje?" Tumuulize pia, "Tarehe yako ni lini?"

Nawe msomaji, umejifunza kusoma. Chukua kadi ya baba, mama au jirani yako. Isome tarehe kwa sauti, wote nyumbani waisikie. Siku ikifika, msindikize.