Nguruwe Wangu, Sindano Yangu



Liko neno lisemwalo sana na wafugaji wa vijijini mwetu: “Nguruwe ni wangu, sindano ni yangu, nani aniulize?” Hata mimi nililisema zamani. Leo nataka kulipinga, maana ni neno la hatari.

Tutazame jinsi tufanyavyo. Nguruwe akataa chakula asubuhi. Mwenyewe hamwiti mganga wa mifugo. Aenda dukani, anunua chupa ya dawa ya kuua vijidudu, avuta kadiri apendavyo, na kumchoma. Kesho kutwa, akiona mnyama hapati nafuu, asema, “Afadhali nimchinje kabla hajafa, nisipate hasara.” Nyama yauzwa, majirani wala, na watoto wao wala. Je! nguruwe huyo ni wake peke yake tena?

Dawa haitoki mwilini mara moja. Katika chupa, au katika karatasi yake, zimeandikwa siku za kungoja tangu sindano ya mwisho hata kuchinja. Siku hizo si sawa kwa dawa zote, basi ni lazima kusoma. Wako watu ambao penisilini huwadhuru, huwavimbisha na kuwabana pumzi. Nao waila katika nyama pasipo kujua.

Wengine husema, “Nimempa kidogo tu, kidogo hakidhuru.” Si kweli. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya ya kuwa dawa ikitolewa pungufu haiui vijidudu, bali yavifundisha kuistahimili. Onyo lake limetimia. Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza ya kuwa wameona, katika nguruwe, katika nyama, na katika wagonjwa, vijidudu vyenye usugu usioshindwa na kolistini, dawa ambayo waganga huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana. Huko kolistini ilikuwa ikitiwa katika chakula cha nguruwe ili wanenepe upesi, hata serikali ikaikataza desturi hiyo mwaka 2017. Dawa tuichezeayo bandani ndiyo tutakayoililia hospitalini.

Najua mtu ataniuliza, “Mganga yu mbali, na nguruwe wangu afa leo, nifanyeje?” Swali hili ni la haki, wala sidharau taabu ya mtu ambaye nguruwe wake wawili ndio ada ya shule ya mwanawe. Lakini sindano ya kubahatisha yamfaa nini? Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliandika habari zake za kwanza katika Kenya mwaka 1921, haina dawa ya kuiponya. Penisilini haiiwezi kabisa. Fedha ya chupa imepotea bure, na nyama ikiuzwa yaweza kupeleka maradhi hata vijiji vya mbali.

Basi, kwanza tumpelekee mganga habari kabla ya kwenda dukani. Pili, atajapo kipimo cha dawa, tujue uzito wa mnyama. Pima kwa meta mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu toka kati ya masikio hata shina la mkia. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69. Jawabu ni kilo, kwa kukadiri. Tatu, tumalize siku zote za dawa alizoagiza. Nne, tuandike katika daftari jina la dawa, mnyama na tarehe, wala tusichinje kabla siku za kungoja hazijaisha.

Kazi hii yataka daftari na kalamu tu, na sisi sote tumejifunza kusoma na kuandika. Mtu asiyejua kusoma aweza kusamehewa akikosea. Lakini mimi na wewe, tukiuza nyama yenye dawa hali maandiko ya chupa yako mbele ya macho yetu, tutamjibu nini jirani aliyetuamini?