Jukwaa la Waliokatazwa Kuimba

Katika miji mingi ya Kanada, kwenye kumbi za makanisa, maktaba na vituo vya jamii, huandaliwa matamasha madogo ya mfululizo yanayowapa nafasi ya kwanza wanamuziki na washairi wa makundi mawili: Wenyeji wa asili, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, na wasanii wa jamii ya LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja, watu waliobadili jinsia na wengine wa kundi hilo. Wapo pia wasanii wengi walio katika makundi yote mawili. Kiingilio huwa kidogo au cha hiari, na gharama zinazobaki hulipwa kwa ruzuku za serikali ya shirikisho, za mikoa au za manispaa. Fedha hizo ndizo zinazolifanya suala hili liwahusu wananchi wote. Je, ni haki jukwaa linalolipiwa na walipakodi wote liwatengee nafasi watu kwa asili yao au kwa jinsia yao? Na je, kutengewa huko kunawafaa wasanii wenyewe, au kunawaweka pembeni?

Swali la kwanza haliwezi kujibiwa bila kurudi kwenye sheria za Kanada yenyewe. Mwaka 1884 Bunge liliirekebisha sheria kuu iliyowatawala Wenyeji tangu 1876, likapiga marufuku potlachi, sherehe ya mataifa ya pwani ya Pasifiki. Katika sherehe hiyo ukoo humsimika kiongozi, huhitimisha matanga, hutangaza ndoa na kugawa mali mbele ya mashahidi. Nyimbo zinazoimbwa hapo ni kumbukumbu rasmi ya nani anamiliki nini. Katazo lilianza kutumika mwaka 1885 na likadumu hadi 1951.

Katazo hilo halikubaki kwenye karatasi. Mwishoni mwa 1921 Dan Cranmer, wa taifa la Kwakwaka'wakw, alifanya potlachi kubwa katika Village Island, British Columbia. Watu 45 walishtakiwa kwa makosa kama kuhutubia, kucheza ngoma na kubeba zawadi. Waliokubali kusalimisha vinyago, shaba na mapambo ya ukoo walipunguziwa adhabu, na wengine wakapelekwa gerezani. Vitu vilivyonyang'anywa viligawanywa kwa makumbusho ya Ottawa na Toronto, na baadhi vikanunuliwa na mkusanyaji wa Marekani. Ilibidi madai ya miaka mingi ndipo sehemu ya vitu hivyo irudi, na mwaka 1980 kituo cha U'mista kikafunguliwa Alert Bay ili kuvihifadhi nyumbani. Wakati huohuo watoto zaidi ya 150,000 walipitishwa katika shule za bweni za serikali na makanisa, ambako kuzungumza lugha ya mama kulileta adhabu. Serikali iliomba radhi kwa shule hizo mwaka 2008.

Kundi la pili nalo lina kumbukumbu yake ya sheria. Mapenzi kati ya wanaume yalikuwa jinai nchini Kanada hadi 1969. Hata baada ya hapo watumishi wa umma na wanajeshi waliendelea kuchunguzwa na kufukuzwa kazi kwa sababu hiyo, na marufuku ya jeshi iliondolewa mwaka 1992 tu. Serikali iliomba radhi Bungeni Novemba 2017. Kwa Wenyeji, historia hizo mbili zinakutana. Baadhi ya mataifa yao yalikuwa na watu ambao hawakuhesabiwa kuwa wanaume tu wala wanawake tu, na waliopewa kazi mahususi katika ibada, uganga au malezi. Wamisionari na shule za bweni ziliwafanya watu hao kuwa aibu. Mwaka 1990, katika mkutano uliofanyika karibu na Winnipeg, Wenyeji wa jamii ya LGBTQ walikubaliana kujiita watu wa Roho Mbili, na jina hilo likaenea Kanada na Marekani.

Kwa hiyo anayesema kwamba serikali haipaswi kuwatenga wasanii kwa asili zao anasahau kuwa serikali hiyohiyo iliwatenga kwa miaka 66 kwa kutumia polisi na mahakama. Muziki wa Ulaya ulijengewa kumbi, shule na okestra katika kipindi kilekile ambacho mwimbaji wa potlachi aliweza kufungwa. Anayeimba katika ukumbi wa kanisa leo anafidiwa sehemu ndogo tu ya pengo hilo.

Hata hivyo, historia inaeleza kwa nini jukwaa lifunguliwe, haielezi liendeshwe vipi. Hapo ndipo ugumu unapoanza, na ugumu wa kwanza ni kwamba wimbo wa Wenyeji mara nyingi una mwenyewe.

Kesi ya Delgamuukw inaonyesha uzito wa jambo hili. Wagitxsan na Wawet'suwet'en wa British Columbia walidai ardhi yao mahakamani, na shauri likaanza kusikilizwa mwaka 1987. Bibi mmoja wa Kigitxsan, Mary Johnson, alipotaka kuimba wimbo wa ukoo kama ushahidi, Jaji Allan McEachern alipinga. Kwake maneno ya wimbo yakiandikwa yangetosha, na mahakama haikuwa mahali pa kuimba. Bibi aliimba. Mwaka 1991 jaji aliyatupilia mbali madai ya ardhi, lakini Desemba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitengua hukumu, ikaamuru kesi isikilizwe upya na kusema kwamba historia ya mdomo lazima ipewe uzito wa ushahidi. Wimbo unaoweza kusimama mahakamani badala ya hati ya shamba hauwezi kuingizwa katika ratiba ya tamasha kwa sababu tu unapendeza. Kuna nyimbo za wote, za ukoo mmoja, na zinazofaa kuimbwa msimu fulani tu.

Sheria ya hakimiliki haisaidii sana hapa. Kanada sasa inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, lakini inamtambua mtunzi mwenye jina, si ukoo. Kwa macho ya sheria hiyo wimbo wa karne mbili zilizopita ni mali ya yeyote. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la 2007, katika ibara ya 31, linawapa watu hao haki ya kusimamia urithi na sanaa zao. Kanada ilipiga kura ya kulipinga, kisha mwaka 2021 ikapitisha sheria ya kulitekeleza. Mpaka sheria za sanaa zifuate mkondo huo, ulinzi unabaki mikononi mwa waandaaji. Kazi yao ni kuuliza kabla ya kutangaza, kumpa mzee heshima na malipo anayostahili, na kukataza simu kurekodi pale mwenye wimbo anapotaka hivyo.

Kazi ya Jeremy Dutcher inaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa vizuri. Dutcher ni mtu wa Roho Mbili kutoka Tobique, New Brunswick, wa taifa la Wolastoqiyik, na amesomea uimbaji wa opera. Mzee na mtunza nyimbo Maggie Paul alimweleza kuwa katika Makumbusho ya Historia ya Kanada kuna nyimbo za watu wake zilizorekodiwa kwenye silinda za nta mwanzoni mwa karne ya 20. Dutcher alikwenda, akazisikiliza moja baada ya nyingine na kuziandika kwa sikio. Albamu yake ya 2018 imeimbwa yote kwa Kiwolastoqey, lugha iliyobaki na wazungumzaji wachache sana, wengi wao wazee. Katika baadhi ya nyimbo sauti ya mwimbaji wa kale, yenye mikwaruzo ya nta, inatangulia, kisha kinanda kinaipokea na Dutcher anaitikia. Nyimbo zilitoka kabatini zikarudi midomoni mwa wenyewe, na aliyezirudisha alitumwa na mzee wake.

Swali la nani anamiliki sauti zilizohifadhiwa si la Kanada peke yake. Mwaka 1906, karibu na wakati wa silinda za Wolastoqiyik, Mjerumani Karl Weule alirekodi nyimbo kwa fonografu huko Lindi, Masasi na Newala, na silinda zake zikaingia katika hifadhi ya sauti ya Berlin. Watu wa kusini mwa Tanzania wana sababu ileile ya kuuliza nani anaweza kuzisikiliza, kuziimba na kuzirudisha.

Hoja nzito zaidi dhidi ya matamasha haya ni kwamba yanamtanguliza mtu kabla ya kazi yake. Mshairi anayealikwa kwa sababu ya kabila na jinsia yake, hoja inasema, atategemewa kusoma mashairi ya maumivu ya kabila na jinsia yake, na akitaka kuandika juu ya mpira wa magongo au mapishi atakuwa ameharibu shughuli. Hatari hiyo ipo kweli. Mwaka 2018 Joshua Whitehead, mwandishi Mwoji-Cree, aliondoa kitabu chake cha mashairi katika tuzo moja ya fasihi ya LGBTQ kwa kuwa kilikuwa kimewekwa katika kundi la washairi waliobadili jinsia, naye akaeleza kuwa Roho Mbili si jambo hilo. Hata waandaaji wenye nia njema wanaweza kumtia msanii katika kisanduku kisichomwenea.

Lakini ushahidi hauonyeshi kwamba jukwaa maalumu linamzuia msanii kutoka nje. Dutcher alishinda Tuzo ya Polaris, inayotolewa kwa albamu bora ya Kanada bila kujali kundi, mwaka 2018, na akaishinda tena 2024. Billy-Ray Belcourt, Mcree wa Driftpile, alipata Tuzo ya Ushairi ya Griffin mwaka 2018 kwa kitabu chake cha kwanza. Tanya Tagaq, Mwinuit wa Cambridge Bay, alikuwa amekwisha kushinda Polaris mwaka 2014. Kinachofungia watu pembeni ni uvivu wa kumbi kubwa zinazoyachukulia matamasha ya jamii kuwa yamewaondolea wajibu, zikaacha ratiba zao zilivyokuwa.

Upinzani mwingine unatoka ndani ya jamii za Wenyeji. Wengi wao ni Wakristo, na wapo wazee wasiokubali ngoma ya mababu na mapenzi ya jinsia moja kuwekwa chini ya paa moja. Wapo pia wanaosema kwamba desturi za Roho Mbili hazikuwa za mataifa yote, na kwamba mijini zinahubiriwa kana kwamba zilikuwa za kila mahali. Angalizo hilo la pili ni la kweli, na linadai usahihi: tangazo la tamasha litaje taifa la msanii na desturi ya taifa hilo, lisizungumze juu ya “Wenyeji” kwa jumla. Lile la kwanza ni mjadala wa jamii zenyewe. Ruzuku haiwezi kuuamua, ila haina sababu ya kumnyima nafasi msanii ambaye kwao hakubaliki.

Liko pia tatizo la udanganyifu. Nafasi ikitengwa kwa asili, asili inakuwa na bei. Oktoba 2023 shirika la utangazaji la CBC lilitoa uchunguzi ulioonyesha kuwa Buffy Sainte-Marie, mwimbaji aliyetambulika kwa miaka mingi kama Mcree, alizaliwa Marekani na wazazi wa asili ya Ulaya. Yeye aliyakana madai kwamba aliudanganya umma. Mwaka 2025 alivuliwa nishani ya Order of Canada na tuzo zake za Juno na Polaris. Kisa hicho hakithibitishi kwamba nafasi maalumu ni kosa. Kinathibitisha kwamba tamko la mtu binafsi halitoshi. Anayejua nani ni wao ni jamii yenyewe, kupitia koo na mabaraza yake.

Hoja hizi zikipimwa pamoja, fedha za umma kwa matamasha haya ni halali, ila uhalali wake hautokani na majina yaliyopangwa kwenye bango. Unategemea mambo manne yanayoweza kukaguliwa.

La kwanza ni uteuzi. Baraza la Sanaa la Kanada lilianzisha mwaka 2017 programu ya ruzuku ya Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis inayoongozwa na Wenyeji wenyewe. Tamasha dogo linaweza kufuata utaratibu huohuo kwa kuwapa Wenyeji na wasanii wa LGBTQ viti vya kuamua, si vya kushauri tu. La pili ni haki ya wimbo, kama ilivyoelezwa.

La tatu ni malipo, na hapa bajeti husema ukweli kuliko hotuba. Nunavut haina barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine za Kanada, kwa hiyo msanii wa huko lazima apande ndege. Katajjaq, uimbaji wa koo wa Wainuit, kwa kawaida huimbwa na wanawake wawili wanaotazamana, wakipokezana pumzi mpaka mmoja acheke au aishiwe. Anayemwalika mmoja amealika nusu ya wimbo. Tamasha lisilo na fedha za tiketi mbili litawaita daima wasanii walewale wa mjini, kisha lijisifu kwa kuwakilisha kaskazini.

La nne ni mahali. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini mengi ya matamasha haya hufanyika mjini mbele ya hadhira ambayo kwa sehemu kubwa si ya Wenyeji. Sehemu ya ruzuku ingepaswa kuyapeleka kwenye maeneo waliyotengewa Wenyeji, ambako kuna wazee wanaoweza kusahihisha neno na vijana wenye haja ya kulijifunza. Huko pia ndiko kijana wa Roho Mbili anakoweza kuwa peke yake zaidi.

Tamasha linalotimiza masharti hayo lina haki ya kulipiwa na umma kama okestra ilivyo nayo. Lisiloyatimiza linaweza kuendelea kwa fedha za wafadhili wake binafsi, lakini lisihesabiwe kuwa sehemu ya fidia ambayo Kanada imekiri kudaiwa.