Mlima Rungwe na Mzazi Aliye Chini Yake

Mzazi wa Tukuyu humwonyesha mwanawe Mlima Rungwe kama mtu aonyeshavyo nyumba ya tajiri: kwa kidole, kutoka mbali. Mtoto huzaliwa chini ya mlima, hunywa maji ya vijito vyake, huandika katika mtihani kwamba kimo chake ni kama mita 2,960, kisha huhamia mjini kabla hajaukanyaga. Mgeni wa ng'ambo huja kwa juma moja akaukwea. Mwenyeji humtazama, hucheka, husema kwamba kulala milimani ni mchezo wa Wazungu. Kauli hiyo yastahili kuvunjwa, maana ni kosa lililovaa joho la busara.

Kwanza, historia yaikana. Monica Wilson, aliyekaa kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha habari zao mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walivyotoka nyumbani kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao kando ya kijiji, wakalala humo na wenzao, na kurudi kwa mama zao kula. Basi mtoto kulala kibandani si desturi iliyoletwa kwa meli. Kilicholetwa kwa meli ni kuionea haya. Hata Kilimanjaro, katika njia ya Marangu, vibanda vilivyoitwa Bismarck na Peters zamani za ukoloni leo vyaitwa Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Kichaga. Majina yamerudi kwa wenyewe. Miguu ya wenyewe bado yasitasita.

Wako wasemao kwamba Rungwe hupandwa na kushukwa kwa siku moja, kwa hiyo kulala huko ni kupoteza wakati. Hawa wamepima mlima kwa saa, hawakuupima kwa faida. Mchana wa mlima ni wa miguu. Usiku wake ni wa maneno. Wavulana wa zamani walifundishwa na wenzao vibandani. Wa leo hufundishwa na wenzao bwenini, na mzazi hubaki mlipa ada. Usiku mmoja kando ya moto, pasipo simu ya kujibu wala mgeni wa kupokea, humrudishia mzazi kazi yake.

Na maneno hayo si upuuzi. Mwaka 2003 watafiti walimwona katika msitu wa Rungwe kima ambaye sayansi haikumjua. Mwaka 2005 alitangazwa ulimwenguni, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Lakini wawindaji wa pale walikwisha kumwita kipunji, na habari zao ndizo zilizowatangulia watafiti njiani. Jina hilo halikuhifadhiwa na chuo wala kitabu. Lilihifadhiwa na vinywa vya watu waliojua msitu kwa kuutembea. Tangu mwaka 2009 msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia, na uwindaji umekatazwa, ni vyema. Hata hivyo, njia iliyopitisha jina imefungwa pamoja na mitego. Mzazi asipoingia msituni na mwanawe kwa miguu ya amani, jina la mnyama, la mti na la kijito litapita wapi?

Hutajwa baridi na mvua. Wilaya ile hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mtoto huivuka kila siku aendapo shuleni. Hutajwa hatari. Dawa yake ni blanketi, kiongozi ajuaye njia, ruhusa ya walinzi wa msitu, na moyo wa kurudi nyuma ukungu unapozidi. Hutajwa gharama, na hoja hiyo ina haki. Basi wenye mamlaka hawana budi kuweka bei ambayo mkulima wa chai na migomba ataiweza, kwa kiingilio na kwa malazi. Hifadhi isiyolaza wenyeji wake huwafundisha kwamba si yao. Lakini mzazi alipaye masomo ya ziada likizo nzima asijifiche nyuma ya umaskini.

Mlima utangoja. Mtoto wa miaka kumi hangoji. Likizo mbili tatu zikipita, atakuwa amekwisha kwenda zake.